Vitambaa vya Bwana Nasibu

Hapo zamani, katika mji wa Shanuni, palikuwa na Sultani aliyemiliki kila kitu isipokuwa maji. Babu wa babu yake, siku alipoujenga mji ule, aliapa mbele ya watu kwamba yeye na kizazi chake watatawala ardhi na vyote vilivyo juu yake, lakini visima vitano vya mji vitakuwa vya watu, na watu wenyewe watamchagua msimamizi wa visima kila baada ya miaka mitatu. Masultani waliofuata walikisoma kiapo kile mara nyingi, mmoja baada ya mwingine, wakitafuta upenyo, wasiuone. Basi ikawa wanakiheshimu, kwa heshima ile ile mtu anayompa mbwa mkali wa jirani.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Siku ya Ijumaa asubuhi yaliwekwa sokoni mabalasi mawili makubwa, kila mgombea na balasi lake, na kila nyumba ikaleta kata moja ya maji ikaimwaga katika balasi la yule imtakaye. Mwenye maji mengi ndiye msimamizi. Na kwa kuwa Shanuni wachota maji ni wanawake, wao ndio waliokuja na kata, na waume zao walibaki barazani wakitoa maoni.

Vyama vya kazi havikuwa na kata, maana chama si nyumba. Lakini kila chama kilikuwa na kitambaa kimoja cha rangi yake, wahunzi cheusi, wapishi cha manjano, wafinyanzi chekundu, na kadhalika. Na chama kikimpenda mgombea, mkuu wa chama humfunga kitambaa kile kwenye kilemba chake hadharani, akasema na sababu, ili watu wajue nani yuko pamoja na nani. Hiyo ndiyo mila, ingawa ile sehemu ya kusema sababu ilikuwa imeanza kusahauliwa, kwa kuwa sababu za wengi hazikuwa nzuri kusikiwa.

Mwaka huo msimamizi wa nyuma alikwisha maliza muda wake, na wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mzee Pandu, msokota kamba, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akizunguka visima vyote vitano na kubadilisha kamba kabla hazijakatika, na hakuna aliyemtuma. Wa pili ni Bwana Nasibu, ndugu wa mke wa Sultani, mtu mwenye sauti nzuri na mikono laini, ambaye ndoo alikuwa akiziona kwa mbali. Nia ya Bwana Nasibu haikuwa siri. Akishapata usimamizi, alikusudia kuvitia visima vyote milango ya mbao na makufuli, na funguo awakabidhi wachuuzi wa maji, ili mtu wa Shanuni akitaka maji ya kisima chake mwenyewe ayanunue kwa kiriba. Sultani Jabiri aliipenda sana nia hiyo, maana ulikuwa ndio upenyo ambao babu zake hawakuuona.

Basi katika mji huo alikuwapo mtu mmoja jina lake Ngwali, mshona mikeka, maskini wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi wake. Mkewe, Bi Mize, alikuwa mfua nguo. Alifua nguo za nusu ya mtaa penye kisima cha tatu, na chakula cha nyumba ile kilitoka katika povu lake, kwa kuwa mikeka ya Ngwali iliisha polepole na kununuliwa polepole zaidi. Bi Mize alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake: siku kisima kikifungwa, yeye na kazi yake wamekwisha.

Siku moja Ngwali ameketi kwa muuza kahawa, watu wakawa wanazungumza uchaguzi. Mmoja akasema, "Mzee Pandu amekwisha fungwa vitambaa vitatu, wahunzi, wapishi na wafinyanzi. Bwana Nasibu je?"

Ngwali akasema, "Kilemba cha Bwana Nasibu ni cheupe kama kilivyotoka kwa dobi. Hata nzi hajatua."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Na maneno yale yalifika kasri kabla vikombe havijaoshwa, maana Shanuni hapakukosa watu wa kubeba maneno bila malipo.

Asubuhi yake askari wakaja kumchukua Ngwali, wakampeleka mbele ya Sultani Jabiri. Alikuwa ameketi barazani, Waziri kuumeni kwake na Bwana Nasibu kushotoni, na kile kilemba cheupe kichwani.

Sultani akanena, "Ewe Ngwali, wewe ndiwe uliyekicheka kilemba cha shemeji yangu?"

"Maulana, nilikicheka kwa usafi wake. Ni watu wachache wanaokaa wiki tatu bila kitambaa wala doa."

"Vyema. Aliyekiona kiko kitupu ndiye atakayekijaza. Nataka kila chama cha kazi kilichomo katika mji huu kimfunge Nasibu kitambaa chake. Kila chama, kisikose hata kimoja. Nakupa mpaka Alhamisi jua likitua. Kikikosa kimoja, wewe na mkeo mtatoka katika mji huu na mlichovaa."

Ngwali akainama. Alijua kuna vyama vilivyokuwa tayari kula moto kuliko kumfunga Bwana Nasibu, na Sultani alijua, na Waziri alijua, ndiyo maana alikuwa akitabasamu.

"Maulana," akasema Ngwali, "mimi ni mtu mjinga, napenda kuelewa amri kabla ya kushindwa nayo. Chama ni nini?"

Sultani akamtazama Waziri kama anayesema, waona watu ninaowatawala? Kisha akanena, "Watu wanaofanya kazi moja na wana mkuu mmoja, hao ni chama. Hata mtoto anajua."

"Naam, Maulana. Na kila chama maana yake ni kila chama?"

"Kila chama! Sitairudia."

"Basi naomba waraka wenye muhuri wako, kwa kuwa nikienda na mdomo wangu mtupu watanifukuza. Na naomba idhini ya kufunga sokoni, mbele za watu, kwa mila kamili."

Sultani akaona hiyo ni heshima kubwa kwa shemeji yake, akaandikisha waraka, akatia muhuri, akampa.

Ngwali akarudi nyumbani amenyong'onyea. Alimkuta Bi Mize anakamua shuka, akamweleza yote. Bi Mize akaiacha shuka ikaanguka chini, na haikuwa kawaida yake kuangusha kitu cha watu.

"Bwana wee," akasema, "ulimi wako huu utatumaliza. Usipovileta tunafukuzwa. Ukivileta, Nasibu anapata maji. Sasa umekwenda kuomba muhuri wa nini?"

"Nimeomba muhuri kwa sababu nilikuwa naogopa, mke wangu, na mtu anayeogopa huomba chochote kilicho karibu." Akaketi juu ya mkeka ambao haujaisha. "Niambie kweli. Nyinyi pale kisimani, mkimwona mtu na vitambaa vingi, si mnampa maji?"

Bi Mize akamtazama kwa huruma. "Nani kakwambia sisi tunahesabu? Sisi tunatazama nani kafunga. Wapishi wakimfunga mtu, najua anapenda maji safi, maana mpishi hawezi kupika na tope. Wahunzi wakimfunga, najua ndoo zitatengenezwa. Lakini uchaguzi wa nyuma alikuja yule Bwana Haramba, mtu mpole, anajua kusema na wazee. Mimi mwenyewe nilikuwa nimpe kata yangu. Siku mbili kabla, wauza magudulia wakamfunga kitambaa. Tukaulizana pale kisimani, wauza magudulia wanampendea nini? Magudulia hununuliwa na mtu anayeweka akiba ya maji, na anayeweka akiba ni yule anayeogopa yatakatika. Basi Bwana wa watu hakupata hata tone langu."

Ngwali akaanza kucheka kidogo kidogo, mpaka mkewe akadhani ameingiwa na homa.

"Bi Mize," akasema, "Sultani ameniambia kila chama."

"Nimesikia."

"Naye hajui kuna vyama vingapi."

Basi Jumatatu asubuhi Ngwali akaanza kazi, naye hakuanza kwa maadui wa Mzee Pandu. Akaanza kwa wahunzi, waliompenda Mzee Pandu kwa dhati. Mkuu wao, Bwana Mshindo, aliposoma waraka alitaka kuutia katika moto, lakini muhuri ni muhuri. Kwa kuwa kila chama kilikuwa na kitambaa kimoja tu, ikabidi kile cheusi kifunguliwe kwenye kilemba cha Mzee Pandu. Vivyo hivyo cha wapishi, na vivyo hivyo cha wafinyanzi. Mzee Pandu akabaki na kilemba kitupu, akaendelea kusokota kamba.

"Ngwali mwanangu," akasema, "nilikukosea nini?"

Ngwali akaona uchungu wa kweli, maana mzee yule hakuwahi kumkosea mtu. "Baba, hukunikosea. Naomba univumilie mpaka Ijumaa. Na kilemba chako kiache hivyo hivyo kitupu, usikubali mtu yeyote akufunge, hata mwanao."

Basi sokoni watu wakakusanyika, Bwana Nasibu ameketishwa jukwaani juu ya kiti kirefu ili aonekane. Sultani alikuwa juu kwenye rosheni ya kasri, mbali kidogo, akiona vizuri na kusikia vibaya. Ngwali akasimama, akatangaza kwa sauti ya adabu, "Chama cha wahunzi kinamfunga Bwana Nasibu! Mkuu wa chama atasema sababu, kama mila inavyotaka."

Bwana Mshindo akafunga kile kitambaa cheusi kwa fundo moja, akageukia watu. "Sababu ni muhuri," akasema, akashuka.

Watu wakaangua kicheko. Sultani kule juu akasikia kicheko, akamwambia Waziri, "Waona, wamefurahi."

Wapishi nao wakaulizwa sababu, mkuu wao akasema tazama sababu ya wahunzi. Wafinyanzi wakasema wao pia wameona ule muhuri, ni muhuri mzuri. Wafumaji, maseremala na washonaji viatu wakafunga wakashuka kwa mtindo huo huo, na ilipofika adhuhuri kila aliyekuwapo sokoni alijua kwamba vitambaa vile vya mwanzo havisemi chochote juu ya Bwana Nasibu, vinasema tu kwamba Sultani ana nta ya muhuri ya kutosha.

Jumanne Ngwali akawaleta wachuuzi wa maji. Hawa hawakuhitaji waraka. Mkuu wao, Bwana Mkadamu, mtu mwenye tumbo la kutangulia, alikuja na kitambaa cha ngozi kilichonyooshwa vizuri, akakifunga kwa mafundo manne. Alipoambiwa aseme sababu hakuamini bahati yake, kwa kuwa alikuwa na hotuba siku nyingi.

"Enyi watu wa Shanuni!" akasema. "Tumengoja miaka mingi kupata msimamizi mwenye akili ya biashara. Maji ya bure hayana heshima. Mtu anayamwaga ovyo, anafulia, anamwagilia hata mchicha! Bwana Nasibu atayapa maji heshima yake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake waliokuwa na ndoo vichwani wakasimama wima, na mmoja akashusha yake chini akaikalia, ili asikie vizuri.

Baada yao wakaja waganga wa matumbo, ambao mkuu wao alieleza kwa masikitiko kwamba tangu Mzee Pandu aanze kubadilisha kamba na kusafisha midomo ya visima, watu wa Shanuni wamekuwa na matumbo mazuri kupita kiasi, na dawa zinaoza madukani. "Tunaona katika Bwana Nasibu matumaini mapya," akasema. Wakaja madalali wa viwanja, waliokwisha kuuza kwa maneno uwanja ulio mbele ya kisima cha pili. Wakaja watoza ushuru, na mkuu wao akasema neno moja tu, "Tunamwamini," lakini alilisema akitazama vikapu vya watu. Jumatano wakaja walinzi wa gereza, ambao walitoa sababu kwamba mahali penye makufuli mengi hapakosi wezi, na penye wezi hapakosi kazi.

Wa mwisho siku hiyo walikuwa wachimba makaburi. Mkuu wao alikuwa mtu mpole sana, anayezungumza kwa sauti ya chini, na watu wote walimpenda ingawa hakuna aliyependa kumkuta njiani. Akamfunga Bwana Nasibu kitambaa cheupe, akakisawazisha vizuri.

"Sababu yenu?" akauliza Ngwali.

"Sisi hatuna haraka," akasema yule mtu. "Tunamtakia Bwana maisha marefu ya kazi. Hayo mengine yatakuja yenyewe."

Bwana Nasibu, ambaye kilemba chake sasa kilikuwa kimefika upana wa ungo, alikuwa na furaha isiyo kifani. Akamwinamia Ngwali, kwa taabu, maana shingo ilikwisha kuwa ngumu. "Ngwali, nisamehe, nilikudhani mtu wa upuuzi. Sikujua kwamba watu wote hawa wananipenda hivi."

"Nami sikujua, Bwana wangu, mpaka walipojieleza."

Alhamisi alasiri vilikuwa vimetimia vitambaa thelathini. Sultani akamwita Ngwali juu rosheni, akanena kwa shangwe iliyochanganyika na masikitiko kidogo, kwa kuwa alikuwa anatamani pia kumfukuza. "Umemaliza?"

"Bado kimoja, Maulana, na jua li karibu kutua. Naogopa hiki kitakosa, na mimi na mke wangu tutaangamia."

"Chama gani hicho kinachothubutu kukataa?"

"Hakijakataa, Maulana, ila sijathubutu kukiomba. Wewe ulisema chama ni watu wanaofanya kazi moja wenye mkuu mmoja. Katika baraza lako kuna Waziri, na makadhi, na maamiri, kazi yenu ni moja, kutawala, na mkuu wenu ni mmoja."

Waziri akataka kusema kitu, lakini Sultani alikwisha kusimama. Alikuwa ametazama siku nne watu wengine wakipanda pale jukwaani, naye alikuwa na hamu. Akaagiza kitambaa cha zari, kirefu kuliko vyote, akashuka mwenyewe sokoni kwa ngoma na matarumbeta, akamfunga shemeji yake kwa mkono wake.

"Sababu, Maulana," akasema Ngwali, ameinama mpaka chini. "Ni mila tu."

Sultani akanena kwa sauti iliyofika mpaka kisima cha kwanza, "Huyu ni mtu wangu. Atakayoyafanya katika visima, jueni ni mimi niliyeyataka."

Watu wakapiga makofi kwa adabu, wakarudi makwao. Bi Mize alirudi nao, akimkanyaga mumewe mguu njia nzima kwa furaha.

Ijumaa asubuhi mabalasi mawili yakawekwa. Mila ilitaka kila mgombea ateke ndoo ya kwanza mwenyewe na kusuuza balasi lake. Mzee Pandu akateka, akasuuza, akakaa kando na kile kilemba chake kitupu. Bwana Nasibu alipoinama juu ya kisima, vitambaa thelathini na kimoja vikamwelemea mbele, ikabidi watumishi wawili wamshike kilemba na wa tatu amshike kiuno, na ndoo akaiteka wa nne.

Kisha wanawake wakaja, nyumba baada ya nyumba. Hawakupiga kelele wala hawakuzozana. Kila mmoja alikitazama kile kilemba kikubwa, akakisoma kitambaa kwa kitambaa, ngozi ya wachuuzi, cheupe cha wachimba makaburi, zari ya Sultani. Kisha akakitazama kile kilemba kitupu ambacho hakuna aliyekuwa akidai kitu ndani yake, akamwaga. Mke wa Bwana Mkadamu, mkuu wa wachuuzi, alikuja amevaa vizuri, watu wakampisha wakijua aendako, naye akaenda akamwaga kata yake kwa Mzee Pandu. Mumewe akapiga ukelele. Akamjibu, "Mimi ndiye ninayekusikia ukiota usingizini. Wenzangu wamesikia mara moja tu."

Saa sita balasi la Mzee Pandu likafurika, maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vya makadhi. Katika lile la Bwana Nasibu, panya angevuka bila kulowesha tumbo. Mzee Pandu akalia hadharani bila kuona haya, akasema kamba za kisima cha nne zimechakaa, anaomba ruhusa aende akazitazame.

Ngwali akaletwa barazani amefungwa mikono. Sultani alikuwa amevimba. "Ewe mlaaniwa! Nilikutuma umwinue shemeji yangu, umemzika!"

"Maulana, hukunituma nimwinue. Ulinituma kila chama kimfunge kitambaa, kisikose hata kimoja. Hesabu, Maulana. Kama kimekosa kimoja, mimi na mke wangu tumekwisha vaa tulichovaa."

Waziri akaona nafasi yake, akanena, "Kimekosa! Wachota maji. Wao wanafanya kazi moja, na hawakufunga kitambaa."

Ngwali akainamisha kichwa, watu wakadhani amepatikana.

"Waziri amesema kweli kwamba kazi yao ni moja," akasema. "Lakini Maulana alisema chama kiwe na mkuu mmoja, na jana jua lilipotua hawakuwa na mkuu. Wamempata leo saa sita, Mzee Pandu. Nimetoka kuwaona wakimpongeza."

Mmoja wa makadhi akakohoa ili asicheke. Sultani hakuwa mtu mwema, lakini hakuwa mpumbavu, na jambo lilikuwa likimsumbua kuliko hasira.

"Mfungueni," akanena. "Ngwali, nijibu bila kuogopa, hutafukuzwa. Mtu mwenye vitambaa vitatu alikuwa mbele ya mtu asiye na kitu. Mtu mwenye vitambaa thelathini na kimoja ameshindwa na mtu asiye na kitu. Imekuwaje?"

"Maulana, wewe ulikuwa rosheni, ukahesabu rangi. Wao walikuwa chini, wakawatazama wafungaji. Kitambaa hakimpambi mtu, kinaonyesha nani anamngojea mlangoni siku akipata kazi."

"Na katika hivyo thelathini na kimoja, kipi kilichomwaga maji mengi zaidi kwa Pandu? Cha wachuuzi?"

"La, Maulana."

"Cha wachimba makaburi?"

"Hicho kilisaidia, lakini si hicho."

Sultani akangoja. Ngwali hakusema, ila macho yake yalikwenda yenyewe kwenye kipande cha zari kilichobaki juu ya meza, akayarudisha haraka. Baraza zima liliona. Waziri akaanza kuyasoma mazulia.

Basi Sultani Jabiri akawa mwekundu, kisha kicheko kikamtoka asichokitarajia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na waliokuwapo wakacheka kwa uangalifu, wakimtazama lini atakoma. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeumia, lakini kilikuwa kicheko. "Wallahi," akanena, "katika baraza langu lote hakuna aliyeniambia kweli kwa macho yake kama wewe. Nitakulipa. Mleteeni joho langu la zari, avikwe! Atembezwe mji mzima kwa ngoma, na mpiga mbiu atangaze: huyu ndiye kipenzi cha Sultani!"

Ngwali akaanguka kifudifudi. "Maulana, nakuomba kwa babu wa babu yako, nipe gunia la mtama nipite mlango wa nyuma. Nipe hata viboko. Ngoma usinipigie."

Lakini Sultani alidhani ni unyenyekevu, akapendezwa nao zaidi, akaongeza matarumbeta.

Akavikwa, akatembezwa. Mbele ya muuza kahawa wale wale waliomwaga kahawa kwa kucheka wakasimama wakamwamkia kwa heshima, wakabadilisha mazungumzo. Bwana Mshindo mhunzi akampa mkono wa vidole viwili. Penye kisima cha tatu wanawake wakanyamaza ghafla, na mmoja akavuta ndoo yake karibu. Hata alipofika kwake, ngoma zimekwisha kuondoka na zari inamwaka kwa jua, akamkuta Bi Mize amesimama kizingitini, mikono miwili imeishika miimo ya mlango.

"Mke wangu, ni mimi."

Bi Mize akalitazama joho kutoka mabegani mpaka miguuni, kama anavyotazama nguo ya mteja kabla ya kuikubali.

"Livue kwanza," akasema, "ndipo uingie."

Nami hekaya yangu naiacha hapo mlangoni. Aliyeipenda na akaisimulie kwingine, ila tafadhali asiwaambie watu kwamba nimeisifu mimi.